Kubadilisha gasketi ya silinda hedi nyumbani: Corolla ya 5A-FE, pamoja na 4A na 7A

Mkuu, umesema Corolla AE110 yako ya 5A-FE inapoteza maji bila kuvuja chini, asubuhi inatoa moshi mweupe, na imeshachemka zaidi ya mara moja. Fundi mmoja kakwambia gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua, mwingine kakwambia mwaga dawa kwenye rejeta uendelee na safari zako. Swali lako ni kama kazi hii inafanyika nyumbani. Inafanyika. Injini za familia ya A za Toyota (4A, 5A, 7A) zinafunguka bila vifaa vya ajabu na nafasi ya mikono ipo. Ila kufungua na kufunga siyo kunakoamua kama kazi itadumu. Kinachoamua ni unyoofu wa hedi, usafi wa matundu ya bolti, na kujua kwa nini ilichemka. Gasketi haiungui bure. Ukiibadilisha na kuacha sababu, utaifungua tena.

Usifungue kwa kukisia. Injini ikiwa baridi kabisa, toa mfuniko wa rejeta, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu ya mwanzo ni hewa iliyokwama tu. Yakitoka mfululizo na kuongezeka ukikanyaga mafuta, hiyo ni gesi ya silinda. Dalili nyingine ya kuaminika ni hosi ya juu ya rejeta kukakamaa dakika moja au mbili baada ya kuwasha (mfuniko ukiwa umefungwa), ilhali mkononi bado ni baridi. Maji baridi hayana presha ya kukakamaza hosi, kwa hiyo hiyo imetoka kwenye silinda. Kuna pia kipimo cha dawa ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta. Kwenye injini ya petroli dawa ikigeuka njano, gesi ya moshi imo ndani ya maji.

Halafu chomoa plagi zote nne uzipange kwa mfuatano wake. Ya silinda inayokunywa maji huwa safi kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke. Pima kompresheni (presha ya kila silinda) injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta na umeme wa plagi vimekatwa, akselereta imekanyagwa hadi mwisho. Injini isiyo na kasoro husoma karibu bar 13. Chini ya 10 ni mbovu, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 1. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Ikiwa chini ni moja tu, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, shida ni ringi, na gasketi mpya haitakusaidia kitu.

Oili iliyogeuka chai ya maziwa kwenye dipstiki ni ushahidi mzito. Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake si ushahidi, kwa sababu gari la safari fupi fupi, hasa sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, hupata ute huo kwa unyevu tu. Na kabla ya yote angalia vitu vya bei nafuu: mfuniko wa rejeta uliochoka, hosi za hita zinazoingia ukutani nyuma ya injini, na kitundu kilicho chini ya pampu ya maji. Wapo watu wamefungua hedi nzima kwa sababu ya mfuniko.

Spea. Nunua seti ya gasketi ya juu, siyo gasketi ya hedi peke yake. Seti inakuja na gasketi za manifoldi zote mbili, ya kava ya valvu, sili za valvu na sili ya kamshafti. Ongeza thermostati mpya na gasketi yake, belti ya taimingi kama hujui ilibadilishwa lini, hosi za rejeta, filta mbili za oili, oili lita 6 hadi 7 (injini inameza takriban lita 3, na utamwaga mara mbili), na kulanti ya kutosha lita 5 hadi 6 baada ya kuchanganywa. Nenda dukani na namba ya injini na ya chesisi, siyo jina la gari. Kariakoo na Kirinyaga Road kote utaambiwa "hii inaingia zote", lakini silinda za 5A zina kipenyo kidogo kuliko za 4A na 7A. Chukua gasketi, iweke juu ya ile ya zamani, linganisha kila tundu. Hata kama umenunua mapema, usiifungue kwenye nailoni yake kabla ya siku ya kuiweka.

Bolti za hedi ni 10. Zinakazwa kwa nyuzi (yaani kwa pembe ya mzunguko), maana yake zinavutwa. Ukipata mpya, weka mpya. Ukitumia za zamani, zisimamishe mezani kwa makundi mawili, ziwe na urefu sawa ndani ya kila kundi, upitishe kalipa kwenye uzi. Iliyonyongeka katikati au iliyozidi wenzake urefu, itupe.

Kwa upande wa vifaa, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) haina mbadala. Azima, kodi, lakini usikaze hedi kwa "mkono wa fundi". Unahitaji pia fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya), rula ya chuma iliyonyooka yenye urefu wa kutosha hedi, biti ya kona 12 ya bolti za hedi (alleni ya kawaida itaharibu kichwa cha bolti, na ukiharibu bolti moja kazi nzima imesimama), bolti moja ndogo ya M6 ya uzi wa 1.0 yenye urefu wa milimita 16 hadi 20, na trei ya mayai. Nitaeleza matumizi ya hizo mbili za mwisho.

Kufungua. Injini iwe baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Hedi ya alumini ikilegezwa ikiwa ya moto hupinda. Toa waya hasi ya betri. Mwaga maji kwenye rejeta na pia kwenye koki ya bloku. Ukiruka koki, maji yaliyobaki yatamwagikia kwenye silinda unaponyanyua hedi. Mwaga oili. Punguza presha ya mafuta kabla ya kugusa paipu ya injekta. Kila soketi unayochomoa iandikie kwa tepu ya karatasi na uipige picha, maana hosi ndogo za vakyumu ndizo zinazopoteza siku nzima wakati wa kurudisha. Kabla ya kutoa distribyuta, weka alama kwenye mwili wake na mahali rota inapoangalia.

Manifoldi ya inteki ina mikono ya kuishikilia kwa chini, isiyoonekana ukiwa juu. Ikigoma kutoka usiivute kwa bomba, tafuta bolti ya chini. Stadi za ekzosti zipulizie dawa ya kutu usiku uliotangulia. Wengine huacha manifoldi ya ekzosti kwenye hedi na kufungua bomba la chini tu. Inawezekana, ila hedi inakuwa nzito na stadi za bomba la chini ndizo zinazokatika zaidi.

Toa kava ya valvu na kava za taimingi. Zungusha krankishafti kwa spana, upande wa saa, hadi alama ya puli ifike 0 na tundu la puli ya kamshafti likutane na alama ya kifuniko cha beringi. Hapo pistoni namba 1 iko juu. Kama puli imefika 0 lakini tundu liko upande mwingine, zungusha raundi moja zaidi. Weka alama zako za rangi, legeza kikaza-belti, toa belti.

Sasa kamshafti, mahali panapowashinda wengi. Belti inazungusha kamshafti moja, na hiyo inazungusha ya pili kwa gia. Gia ya ile ya pili ni mbili zilizopandana zenye springi katikati, ili zisipige kelele. Ukiitoa bila kuifunga, springi inafyatuka na kurudisha ni mateso. Bolti ya M6 kazi yake ndiyo hiyo: geuza kamshafti hadi tundu la gia ndogo lionekane, ingiza bolti, kaza gia mbili kuwa kitu kimoja. Kisha legeza vifuniko vya beringi kidogo kidogo, kwa zamu, kamshafti ipande ikiwa imelala sawa. Ikiinuka upande mmoja inaweza kukatika au kuvunja mdomo wa hedi. Vifuniko vina namba na mshale unaoangalia mbele, visibadilishane.

Tapeti (vikombe vinavyosukuma valvu) ziko 16, na kila moja ina shimu yake juu, kisahani cha kurekebisha kliaransi, yaani mwanya wa valvu. Trei ya mayai inazitosha: andika I1 hadi I8 (inteki) na E1 hadi E8 (ekzosti), kila moja ikae kwenye shimo lake, shimu ikiwa juu. Zikichanganyika utapima kliaransi zote upya na kununua shimu.

Bolti za hedi legeza kuanzia nje kwenda katikati, kwa zamu tatu, usimalize moja kwa mkupuo. Hedi ikigoma, kuna pini mbili za kuiongoza. Nyanyua kwa mdomo uliowekwa pembeni kwa ajili hiyo. Usichomeke bisibisi kati ya hedi na bloku, mkwaruzo wake ndio njia ya maji ya kesho. Iweke juu ya vipande vya mbao.

Kabla hujatupa gasketi ya zamani, isome. Palipoungua na kuwa peusi kati ya silinda mbili, kompresheni ilikuwa inapita. Palipoliwa karibu na tundu la maji, tena kwa kutu, ni matokeo ya miaka ya maji ya bomba bila kulanti. Ikiwa imebanwa vizuri upande mmoja na upande wa pili bado nene, hedi imepinda au bolti hazikukazwa sawa.

Kusafisha na kupima, usipaharakishe hapa. Ziba silinda kwa matambara na matundu ya maji na oili kwa karatasi. Kwangua bloku kwa wembe ulioshikwa ukiwa umelala. Hedi ni laini, tumia kikwangulio cha plastiki na dawa ya kulainisha gasketi. Usitumie diski ya msasa kwenye drili. Inachimba mabonde ambayo jicho halioni, na unga wake ni mgumu kuliko chuma cha beringi. Ukiingia kwenye oili, beringi za kranki zinakwisha muda mfupi baada ya kazi uliyoona imefanikiwa.

Matundu ya bolti kwenye bloku yasafishe hadi chini. Bolti ya zamani iliyokatwa mfereji kwenye uzi inatosha kusukuma uchafu. Kisha fyonza au puliza hadi yakauke. Oili au maji yakibaki chini ya tundu, bolti inaposhuka inayabana, na kioevu hakibanwi: ama bloku inapasuka, ama toki renchi inakudanganya kuwa bolti imekaza wakati hedi bado haijashikwa.

Laza rula kwenye uso wa hedi, kwa urefu pande zote mbili, kwa upana mbele na nyuma, kisha pembe kwa pembe, mara mbili. Jaribu kupitisha fila ya 0.05 mm chini yake. Ikipita popote, hedi iende kwa wachonga hedi. Fanya vivyo hivyo kwenye bloku, kipimo ni kilekile. Watu wanapima hedi na kusahau bloku. Ukipeleka hedi, mwambie fundi kwanza aijaribu kwa presha kuona nyufa, hasa kati ya viti vya valvu, ndipo askimu (achonge uso wake unyooke); ukiskimu hedi yenye ufa umelipa bure. Askimu kidogo iwezekanavyo, kiasi cha kunyoosha tu. Kila kinachotolewa kinaongeza kompresheni na kinashusha kamshafti karibu na kranki, kwa hiyo taimingi inasogea. Na kusugua hedi kwa msasa juu ya kioo au sakafu, kama wengine wanavyofanya, kunakula kingo zaidi ya katikati.

Hedi ikiwa nje, badilisha sili za valvu. Ni kazi ndogo wakati huo, baadaye ni kufungua tena.

Kurudisha. Gasketi inakaa kavu. Hakuna silikoni, hakuna grisi, hakuna rangi ya kupuliza, isipokuwa mtengenezaji ameandika hivyo. Angalia upande wa juu na linganisha tundu linalopandisha oili kwenye hedi. Gasketi ikigeuzwa inaliziba, na kamshafti zitakufa kwa ukame. Shusha hedi wima, kwa watu wawili, bila kuiburuza.

Bolti zina urefu wa aina mbili: za milimita 90 zinakaa upande wa inteki, za 108 upande wa ekzosti. Paka oili nyepesi kwenye uzi na chini ya kichwa, siyo kuzichovya. Anza katikati, kwenda nje kwa mzunguko. Kwa injini hizi za miaka ya 90 kaza zote hadi Nm 29, rudia mzunguko kuhakikisha. Kisha weka nukta ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti, uzungushe kila moja nyuzi 90 kwa mfuatano uleule, halafu 90 nyingine. Ukimaliza, nukta zote zinaangalia nyuma. Isiyoangalia nyuma umeiruka. Bolti inayozunguka laini bila kukaza imeng'oa uzi wa bloku. Simama hapo, usijifariji. Kwa 4A-FE za zamani zaidi, za kizazi cha AE90, kipimo ni tofauti, fuata kitabu chake.

Kamshafti zinarudi kwa kulinganisha alama za gia. Tazama vizuri: kila gia ina alama za kufungia na nyingine za taimingi, na ziko karibu. Wakati wa kuweka tumia za kufungia. Vifuniko kaza kwa zamu hadi Nm 13. Kisha toa ile bolti ya M6! Iandike kwenye karatasi ubandike kwenye kioo cha mbele kama unajijua. Pima kliaransi za valvu injini ikiwa baridi: inteki ni 0.15 hadi 0.25 mm, ekzosti ni kubwa zaidi kidogo na inatofautiana kwa mwaka. Hedi iliyosagwa viti vya valvu huwa inabana, na valvu isiyofunga vizuri inaungua.

Funga belti, kisha zungusha kranki raundi mbili kamili kwa mkono ulinganishe alama tena. Ikigoma njiani, usilazimishe. Kwenye kona za kava ya valvu, pale vifuniko vya beringi vinapokutana na hedi, weka silikoni kidogo.

Thermostati irudi, na kile kivalvu chake kidogo kikae juu ili hewa ipite. Najua mtaani wanazitoa "kwa sababu nchi ni ya joto". Injini hizi zimepangwa ifunguke kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji ndani ya injini. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kufika kwenye rejeta. Kwenye foleni gari linachemka ukiwa unadhani umelisaidia.

Sababu ya kuchemka itafutwe kabla ya kuwasha. Rejeta iliyoziba ijulikane kwa kuipitishia maji ya bomba, yanayoingia juu yatoke chini kwa kasi ileile. Feni ijaribu hivi: fungua swichi bila kuwasha, chomoa soketi ya swichi ya joto ya feni, kwenye Corolla hizi feni inapaswa kuzunguka papo hapo. Isipozunguka, tafuta fyuzi, rilei au mota.

Jaza kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, pole pole, hita ikiwa kwenye moto, pua ya gari ikiwa juu, ukibinya hosi ya juu hewa itoke. Mafuta na plagi vikiwa vimekatwa, piga stata hadi taa ya oili izime. Washa. Moshi mweupe wa dakika 10 hadi 20 ni maji yaliyobaki kwenye ekzosti. Ukiendelea baada ya hapo na kiwango cha maji kinashuka, bado kuna tatizo. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, zima, acha ipoe, ongeza maji. Kama oili ilichanganyika na maji, mwaga hii ya kwanza ikiwa bado ya moto, badilisha filta, weka nyingine. Bolti za kukazwa kwa nyuzi hazikazwi tena baada ya kilomita 500, hata fundi akisema hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Sasa dawa ya kumimina. Inaziba uvujaji mdogo wa maji kwa muda, lakini pale presha ya silinda inapopita haina nguvu, na inachoziba kwa uhakika ni mirija ya rejeta na ya hita. Ukishaimwaga, panga na rejeta mpya. Na kama hedi ikipimwa ina ufa, au bloku imepinda, acha kuhesabu gasketi: tafuta hedi ya mtumba iliyojaribiwa kwa presha, au injini nzima ya mtumba, kisha weka gasketi za nje, sili na belti mpya injini ikiwa bado iko chini, haijapandishwa kwenye gari.